Dirisha la Kona la Kaylene

Mbele ya duka la mbao la Hostetter, mjini Pell Creek, kuna benchi ambalo halijawahi kupakwa rangi, maana halijawahi kubaki tupu kiasi cha rangi kukauka. Ndani ya duka, juu ya kaunta, birika la umeme huchemsha kahawa tangu alfajiri. Anayetaka anajimiminia, wala hakuna anayeuliza kanunua nani. Mei ilikuwa imeingia na joto lake la kunata. Kila alasiri mawingu yalijikusanya upande wa mashamba ya ngano kama watu wenye neno la kusema wasiojua waanzie wapi, na kila usiku mji ulilala sikio moja likiwa wazi, likisubiri king'ora cha kimbunga. Watu walikuwa wamechoka. Mbwa nao walikuwa wamechoka. Hata wazee watatu wa benchini, ambao kazi yao ilikuwa kukaa, siku hiyo walikaa kama watu waliotoka kubeba magunia.

Kaylene aliwaona tangu ng'ambo ya barabara, akapunguza mwendo. Mtoto wake Josie alikuwa amelala begani, mdomo wazi, akimlowesha shingo. Alikuwa na habari mbaya ya kuwapa wazee wale na alikuwa ameifikiria njia nzima asione namna ya kuisema isiumize.

Ni wao waliomjengea nyumba. Jumamosi baada ya Jumamosi, tangu theluji ilipoyeyuka, walifika na nyundo zao na magoti yao mabovu, wakasimamisha kuta za mbao bila kudai chochote ila chakula cha mchana. Mumewe Dale hayupo siku nyingi. Kazi yake ni kupanda minara ya mapangaboi makubwa yanayozalisha umeme kwa upepo huko magharibi, na hurudi kazi ikimruhusu. Kaylene na mtoto walikuwa bado wanaishi kwenye nyumba ya bati yenye magurudumu, ambayo upepo ukivuma inayumba kama mlevi. Wazee walitaka wamtoe humo kabla dhoruba hazijaanza. Dhoruba zilikuwa zimeanza.

Na jana mkaguzi wa nyumba alikuja, akakataa kuta.

— Karibu binti, alisema Leland. Hebu sogea wewe Kilima, umekalia nafasi ya watu wawili na una hoja ya nusu mtu.

Leland walimwita Bima. Zamani paa lake lilipeperushwa, kampuni ya bima ikampa maneno badala ya paa, na tangu siku hiyo hakuna jambo chini ya jua asiloona mkono wa bima ndani yake.

— Nasogea, alisema Dwight, na kwa kweli alisogea, akafuta pale kwa mkono wa shati lake ili Kaylene asichafuke. Yeye ndiye waliyemwita Kilima, kwa sababu ya kilima cha mashariki mwa mji, ambacho kwake ni kama mtume.

Wa tatu, Verlin, alimpokea Josie bila kumwamsha, kama mtu anayepokea kioo, akamlaza kifuani. Kisha akauhamisha msumari uliokuwa mdomoni mwake toka upande wa mtoto hadi upande wa pili. Ameacha useremala, lakini msumari haujaacha midomo yake. Ndiyo maana jina lake ni Msumari. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa nyumba ile.

Kaylene akakaa. Akafungua kinywa.

— Tunajua, alisema Bima. Corwin, huyo mkaguzi, ni mpwa wa mke wangu. Kala kwetu jana, kasema yote kabla ya viazi kufika mezani.

— Alisema kwa adabu, lakini, alisema Kaylene haraka. Hata buti alivua.

Ilikuwa kweli. Kijana Corwin alivua buti kwenye nyumba ambayo haikuwa bado na mlango. Aliweka kiganja kwenye nguzo ya kona, akasukuma kidogo, na ukuta wote ukasogea, kidogo tu, kama ng'ombe anayehamisha uzito toka mguu hadi mguu. Kisha akaeleza. Zamani, katika kaunti hii, ubao mmoja wa mshazari uliozamishwa kwenye nguzo ulitosha kuushika ukuta usilale ubavu. Mwaka huu kaunti imepokea kanuni mpya. Sasa kila kona inataka kipande kizima cha ukuta kisicho na dirisha wala mlango, kifunikwe kwa plaiwudi toka chini hadi juu, kigongelewe misumari ya karibu karibu pembeni kote, na vipande vingine kama hicho vifuatane kwenye ukuta. Nguzo peke yake, alisema, ni kama watu kwenye foleni: ukimsukuma wa kwanza, wote wanalala. Plaiwudi ndiyo inayowashikanisha mikono.

— Na kona yako, dada, alisema huku akikuna kichwa, ni dirisha tupu. Nani aliliweka pale?

— Mimi, alijibu Kaylene.

Hakuwa yeye.

— Sasa sikieni, alisema Bima pale benchini, akiinua kikombe. Hicho kitabu kipya cha kanuni hakikuandikwa na fundi. Kimeandikwa na watu wa bima.

— Nilijua tu, alisema Kilima. Hata ukipata mafua ni bima.

— Na mafua nayo yachunguzwe! Hebu jiulizeni. Nyumba ikianguka bila plaiwudi, bima inasema hukufuata kanuni, haikulipi. Nyumba ikisimama, haina cha kukulipa. Umeona? Wameziba njia zote mbili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeziba, ukuta tumejenga, na bado wanataka ukuta juu ya ukuta!

— Wahenga hawakusema hivyo.

— Wahenga wako labda.

Kaylene akatabasamu kwa uchovu. Bima alikuwa anazungumza huku anampunguzia kahawa yake kikombeni, maana binti alikuwa hajapata nafasi ya kuingia ndani kujimiminia. Alifanya bila kumtazama, kana kwamba mkono wake una akili yake wenyewe, iliyo njema kuliko ya kichwa.

— Mimi nawaambieni, alisema Kilima, Pell Creek haihitaji kanuni. Pell Creek ina kilima. Kimbunga hakiruki kilima kile. Kinafika pale kwenye shamba la kina Schrag, kinatazama, kinageuka.

— Na paa langu lilichukuliwa na nani? Kwaya ya kanisa?

— Ule ulikuwa upepo tu, si kimbunga. Na paa lako lilikuwa linataka kuondoka siku nyingi, likakosa nauli.

— Unatupiga kamba, bwana. Kilima kiko mashariki. Dhoruba inatoka kusini-magharibi. Inakwisha kutupitia ndipo ikione hicho kilima chako!

Kilima akanywa, akapata nguvu mpya.

— Inakiona kwa mbali. Kitu kikubwa unakiona kwa mbali. Ila sasa kuna jambo, na mimi nalisema hadharani: kilima kinapungua.

— Kinapungua?

— Kaunti imechimba kokoto pale, ikatengeneza barabara. Lori kwa lori! Kilima si kile cha utotoni mwangu. Sasa wanajua wametuharibia kinga yetu, wanaona aibu kusema, wanatuletea plaiwudi. Ndiyo siri yenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu ni kilima.

— Wewe ndiye ulikuwa unaendesha hayo malori, alisema Msumari. Lilikuwa neno lake la kwanza.

— Nilikuwa sijafikiri bado!

Walicheka, hata Kaylene, na Josie akajinyoosha kifuani pa Msumari, akaendelea kulala. Kicheko hakikudumu. Joto lilikikalia.

— Kokoto ni kidogo, alisema Bima kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku kana kwamba barabara ina masikio. Tatizo ni yale mapangaboi. Yale ya huko magharibi. Safu kwa safu, yanazunguka mchana kutwa. Nani aliwahi kuuliza yanaufanya nini upepo? Yanauzungusha! Upepo uliokuwa unakuja umenyooka kama mtu mwenye heshima zake, sasa unafika huku umesokotwa.

— Upepo ndio unaozungusha mapanga, mzee wewe.

— Ndivyo walivyokuambia.

— Basi Dale ndiye anayetutumia upepo! alisema Kilima. Binti, mpigie mumeo, mwambie apunguze. Na akitaka kutuma, atume wa kiangazi, mkewe akaushe nguo.

— Nitamwambia, alisema Kaylene. Na atume na salamu, maana hizo ndizo haba.

Alisema kwa utani, lakini wazee walikuwa na masikio. Kilima aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Bima akamsukumia mkate mtamu uliobaki kwenye boksi, ule wenye sukari juu, ambao asubuhi nzima alikuwa ameulinda.

Msumari alikuwa anatazama mikono yake.

— Mimi sina habari na bima, alisema polepole. Wala kilima. Ninachojua ni mbao. Mbao za siku hizi ni za miti iliyofugwa kama kuku wa kisasa, imelishwa, imekuzwa haraka, ndani maji matupu. Ndiyo maana wanataka kuzivalisha plaiwudi. Lakini ule ubao wa mshazari niliouweka kwenye kona yako haukutoka dukani. Umetoka kwenye ghala la baba yangu. Nilipolibomoa nilibakiza ule mmoja. Nilichonga kila nguzo kwa patasi, nikauzamisha humo, ukakaa kama jino kwenye ufizi. Ghala lile lilisimama kwa mbao za namna ile toka kabla sijazaliwa. Hakuna mkaguzi aliyekuja kulisukuma.

— Sema tena, alisema Kilima. Penye wazee haliharibiki neno.

— Na nimeulaza kuelekea kusini-magharibi. Huku kwetu upepo wa kaskazini huleta baridi, wa kusini-magharibi ndio huleta balaa. Balaa likisukuma, ubao unabana. Ukibana, nyumba inasimama. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Kaylene alikunja karatasi ya ule mkate, akaikunjua, akaikunja tena. Alikuwa anaukumbuka ule ubao. Alikuwa anakumbuka pia kwamba kila kona nyingine ya nyumba ina mbao mbili, moja imelala hivi, nyingine imelala vile, kama mikono ya mtu anayeomba. Kona ya jikoni ina mmoja tu, kwa sababu pa kuuweka wa pili ndipo palipo dirisha. Na dirisha lilikuwapo kwa sababu siku moja, akiwagawia wazee nyama na maharage, alisema kwamba kinachomchosha si kumsubiri Dale, ni kumsubiri bila kuona. Hakuwa anaomba kitu. Jumamosi iliyofuata alikuta Msumari ameacha nafasi kwenye kona, mahali barabara yote inapoonekana hadi inapokata kule kwenye silo la nafaka. Alimwambia tu, "Simama hapa, tazama." Akatazama. Akalia, na mzee akajifanya anatafuta nyundo.

Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba wema wake ndio uliotoboa ukuta? Alifikiri anyamaze. Corwin alisema kuna njia ya kuomba muda. Labda Dale akirudi atasema yeye. Labda mwaka huu dhoruba zitapita mbali.

Ndipo king'ora kikalia.

Ilikuwa mchana wa Ijumaa, siku ya kukijaribu, na kila mtu mjini alijua ni majaribio. Hata hivyo wote wanne walitazama juu kwanza, kisha wakatazama saa iliyo mlangoni mwa duka. Josie alishtuka, akapiga ukelele, akajificha kwenye shati la Msumari. Mzee alimfunika sikio moja kwa kiganja na lile jingine akalibana kifuani, akainama juu yake na mwili wake wote, mgongo ukaelekea mbinguni, na akabaki hivyo hadi sauti ilipokwisha. Kaylene alimwona. Aliona jinsi alivyomzungushia mikono pande zote mbili, si upande mmoja.

— Majaribio tu, mama, mzee alimwambia mtoto. Majaribio tu.

— Babu Verlin, alisema Kaylene. Nikuulize kitu cha kijinga?

— Hapa ndipo mahali pake, alisema Bima.

— Jumanne ile ya upepo nilikuwa sijaanua nepi. Asubuhi nilipotoka, nyingine nilizikuta zimenasa kwenye uzio wa kaskazini. Nyingine uzio wa kusini. Na kamba iko katikati, hapa hivi. Sasa nauliza tu. Huo upepo ulitoka wapi?

Bima alifungua kinywa kusema neno, na wote walijua ni neno gani. Akalimeza. Kilima aligeuza kichwa akakitazama kilima chake, kikiwa kimekaa kule mashariki na jeraha lake la kokoto, akakitazama muda mrefu kama mtu anayemsubiri shahidi aliyeahidi kuja. Shahidi hakuja. Lori la ngano lilipita. Hakuna aliyempungia dereva mkono, jambo ambalo mjini Pell Creek ni karibu sawa na kutukana.

— Nyuzio zote mbili? aliuliza Msumari.

— Zote mbili.

— Nepi za kitambaa, zilizolowa?

— Zilizolowa, babu. Nzito.

Mzee alitoa msumari mdomoni, akautazama kana kwamba ndio kwanza anauona.

— Na ukisukumwa kutoka upande ule mwingine, aliuliza Kaylene, sauti yake ikipungua kila neno, ule ubao wa ghala unafanya nini?

— Haubani. Unavuta misumari.

— Na misumari itashika?

Josie alikuwa ameshika kidole cha mzee. Mzee alikiacha kidole chake pale.

— Sijui, binti.

Benchi lile limesikia mengi. Limesikia sababu za vita, dawa ya baridi yabisi, nani alimwibia nani ndama, na mwisho wa dunia mara kadhaa. Neno "sijui" lilikuwa halijawahi kulisikia.

— Dirisha si lako, alisema Msumari. Ulimwambia Corwin ni lako.

— Ni langu. Ni mimi ninayetazama.

— Niliziona nguzo, nikajua mshazari wa pili hautaingia. Nikasema dhoruba ya huku inajulikana inakotoka, alisema, akiuma midomo ambayo haikuwa na msumari. Nilitaka tu uone barabara.

— Na nimeiona, babu. Kila siku nikienda pale naiona.

Kilima alisimama, akaingia dukani, akarudi na birika. Aliliinamisha juu ya kikombe cha Kaylene. Yalitoka matone mawili na machicha.

— Imeisha, alisema.

Siku nyingine wangekaa wakisubiri lichemke jingine, na hoja zingechemka nalo. Bima ndiye aliyeanza, akizungumza na kikombe chake.

— Hilo dirisha haliwezi kusogea?

— Linaweza, alisema Msumari. Lisogee kuelekea katikati upana wa plaiwudi moja nzima. Kona izibwe.

— Nitaona barabara? aliuliza Kaylene.

Mzee alifumba macho. Akilini alikuwa amesimama jikoni mwa ile nyumba, Kaylene alijua, amesimama pale penye nguzo tupu na kupima kwa macho.

— Si kule kwenye silo. Hutamwona anapokata kona. Utamwona tangu darajani.

Daraja liko karibu na nyumba, umbali wa kurusha jiwe. Kaylene alilifikiria gari la Dale likitokea pale ghafla, kubwa tayari, sura yake ikionekana kwenye kioo.

— Basi nitamwona akiwa ameshakaribia, alisema. Inatosha.

Msumari akamrudishia mtoto. Alisimama kwa awamu, kwanza mikono, kisha magoti, mwisho mgongo, na akaelekea mlangoni.

— Hostetter! Plaiwudi bado unazo, au bima wamezinunua zote?

— Na ule ubao wa baba yako, alimwitia Kaylene, usiutupe. Ukitoka ukutani naomba uwe kizingiti cha dirisha, pale chini. Nipate pa kuegemea.

Mzee hakugeuka, lakini alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia.

Plaiwudi zilitolewa moja moja hadi kwenye pikapu ya Kilima, kila moja na wazee wawili, wakitweta, wakipumzika kila hatua chache, wakigombana nani anakwenda kinyumenyume.

— Tazameni, alisema Bima, jasho likimtiririka. Nawabebea wezi mali yao mgongoni mwangu mwenyewe.

— Beba, mzee. Usipobeba ufa utabeba ukuta.

— Hiyo nayo wahenga hawakusema.

— Wahenga hawakuwa na magoti kama yangu.

Kaylene aliokota vikombe vyote vya karatasi, akavitupa kwenye pipa la taka, akapanda mbele na Josie mapajani. Pikapu ikaondoka polepole, wazee wawili wamekaa nyuma juu ya plaiwudi ili upepo usizipeperushe, mmoja kila upande.

Hostetter alitoka na birika jipya linalofuka mvuke. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akalitazama benchi, tupu mchana kweupe, akarudi ndani kutafuta kama bado ana lile kopo la rangi ya kijani.